Taa za Kuushinda Mwezi

Issa,

Umekwenda Ujiji kumuaga shangazi yako, nami nimekaa hapa Kibirizi kwenye kivuli cha kibanda chetu, nalinda dagaa wasiliwe na kunguru. Nimechukua karatasi kwa sababu nikikuambia kwa mdomo nitafoka, na nikifoka hunisikilizi, unaangalia simu. Nitaiweka juu ya begi lako. Uisome leo kabla hujalala, maana kesho asubuhi mitumbwi ikishasukumwa majini maneno yangu hayatakuwa na kazi.

Habari za kuchemsha maji na kujifunika baridi sikuandikii. Una ndevu. Kama huko kusini, Karema, utataka kulala na nguo mbichi, hilo ni lako na kifua chako. Nakuandikia kwa ajili ya neno moja ulilolisema juzi tukila. Ulimega tonge ukasema, "Mama, kusini dagaa bado wapo. Tuwahi tuwamalize kabla wenzetu hawajafika." Ukaendelea kutafuna. Mimi nikanyamaza, na wewe ukadhani nimekubali. Nilinyamaza kwa sababu niliisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kinywani mwako, na nikaona aibu kama mtu aliyekuta nguo yake ya ndani imeanikwa barabarani.

Unajua ninavyowadharau watu. Wewe hunicheka, unasema mama yako hata kwenye msiba hakosi mtu wa kumsema. Ni kweli. Basi leo acha niwaseme wote kwa mpangilio, na mwisho utaniona nami nimepanga foleni.

Tuanze na Baba Salome, tajiri mwenzangu, mwenye mitumbwi mingi kuliko wote hapa mwaloni tunapoegesha vyombo, na akili chache kuliko wote. Kwenye kile kikao cha wenye mitumbwi, alisimama, akavuta suruali juu ya tumbo, akasema, "Ndugu zangu, samaki hawajaisha. Samaki wamehamia Kongo." Watu wakapiga makofi! Watu wazima, wenye wake na wajukuu, wanapiga makofi kwa sababu wameambiwa dagaa wamefunga mizigo wakavuka. Nikamuuliza, "Baba Salome, walikuaga?" Akasema, "Wewe Mama Issa unapenda utani." Kule ng'ambo nako, nina hakika, kuna mjinga mwenzake amesimama mwaloni anawaambia watu samaki wamehamia Kigoma.

Wengine wakasema ni Warundi wanaowamaliza. Wengine wakasema ziwa limekasirika, tukamwita shehe akaomba, tukamwita na mchungaji akaomba, ili asiwepo mtu wa kusema dini yake imesahauliwa. Nilisimama katikati yao nimeinamisha kichwa. Mbele yangu alisimama kijana anayevuta wavu wa kokoro pale ufukweni kila siku ya Mungu, anakusanya mpaka mayai ya samaki na konokono, naye aliitikia "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote. Nilitamani kumzaba kibao, ila tulikuwa kwenye sala.

Halafu akaja yule mtaalamu wa uvuvi. Alikuja na gari, projekta, na viatu vyenye soksi kwenye mchanga. Akatuambia ziwa si ghala la dagaa, ni mfumo. Akatuonyesha picha za mishale: dagaa wanakula vidudu vya majini, mgebuka anakula dagaa, miamba na mchanga wa pembeni ni chumba cha watoto, na udongo unaoshuka kutoka milima tuliyoikata kuni unaingia mtoni Luiche na kufunika mawe ambayo samaki wanatagia. Alisema ukisimamia samaki mmoja peke yake, ukawasahau wenzake na maji na milima, ni sawa na kutibu jino la mtu anayeharisha. Sisi tulisinzia. Tulikuwa tunasubiri posho na chakula. Mchana zikaletwa sahani za dagaa wa kukaanga, wachanga kabisa, wembamba kama uzi, yeye akala akasema, "Hawa wa Kigoma ni laini sana, mnawapikaje?" Nikacheka mpaka nikatoka nje. Dagaa wale nilikuwa nimewauza mimi.

Miezi mingi niliisimulia hadithi hiyo kila nilipokaa na wanawake, na kila mara nilimfanya yule bwana mjinga zaidi. Umeshanisikia nikiiga alivyokuwa akitafuna. Siku hizi sicheki. Yule bwana alikuwa anasema kweli, Issa. Mimi nilimdharau kwa sababu ya soksi.

Sasa nikusimulie habari ambayo hukuikuta, kwa sababu ulipopata akili ilikuwa imeshaisha.

Zamani hapa kulikuwa na siku za giza na siku za mbalamwezi. Siku za giza ndizo za kazi. Karabai zinawashwa, dagaa wanafuata mwanga, wavu unainuliwa. Mwezi ukikua, taa ya karabai inakuwa si kitu, dagaa wanatawanyika kwenye mwanga wa Mungu, nao wavuvi wanapandisha mitumbwi mchangani. Nyavu zinafuliwa, zinaanikwa, zinashonwa. Wanaume wanakaa nyumbani wanasumbua watu. Ukihesabu watoto wa Kibirizi utakuta nusu yao mimba zao ziliingia siku za mbalamwezi, na wewe ni mmojawapo, usijifanye umeshtuka. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akiuona mwezi unakua anaanza kuoga mapema.

Hakuna aliyetuambia kwamba hizo ni siku za ziwa kupumua. Sisi tuliona ni siku za kukosa. Kila mwezi wa Mungu ziwa lilikuwa linafungwa, bila askari, bila boti ya doria, bila tangazo la redio, na hapakuwa na mtu wa kumpa mwezi chochote mfukoni ili azime. Juzijuzi serikali ilipofunga ziwa lisivuliwe, watu walilia kama wamefiwa, na wengine walijificha kwenye mawe ya Bangwe wakaendelea kuvua. Mimi nilikuwa nawatazama nawaza kwamba kufuli tulilokuwa nalo tangu enzi za mababu tulilivunja wenyewe. Na mkono uliotangulia kulivunja hapa mwaloni ni huu unaoandika.

Baba yako alipofariki, mitumbwi ilibaki kwangu, na wavuvi waliniangalia kama unavyomwangalia kuku aliyeachiwa duka. Ndugu zake walisubiri nishindwe wachukue. Kila siku ya mbalamwezi wavuvi wangu kumi na kitu walikuwa wanakula ugali wangu bila kuleta hata dagaa mmoja, na mimi roho iliniuma. Nikaona mwezi ni mvivu mwenzao. Nikasafiri, nikanunua jenereta na taa kali, zile za kuchoma macho. Nikaita nahodha wangu.

Nahodha alikuwa Mzee Rajabu wa Buzebazeba. Unamfahamu kama mzee anayeshona nyavu za watu, lakini alimfundisha baba yako kuvua. Nikamwonyesha taa. Nikamwambia sasa tutavua giza na mwezi, hakuna kulala.

Akazitazama. Akasema, "Mama Issa, siku za mwezi ni za ziwa."

"Ziwa nalo lina siku?"

"Linazo. Sisi tumezikuta."

Nikamwambia maneno ambayo mpaka leo nayasikia. Nilimwambia, "Wanao wanalishwa na mwezi, au wanalishwa na mimi?" Nilisema mbele ya wavuvi wote, na sauti yangu unaijua. Alivaa kofia yake, akasema, "Haya mama," akapanda kilima kwenda kwake. Nikawageukia wale waliobaki nikasema mzee ameogopa umeme. Wakacheka, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nawalisha.

Mbalamwezi ile tuliyovua kwa mara ya kwanza, tulirudi na dagaa. Si kama siku za giza, lakini walikuwepo, na bei ilikuwa juu kwa sababu hakuna mwingine aliyevua. Baba Salome alikuja mwenyewe kutazama zile taa, akazizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. Haukupita muda mrefu kila tajiri alikuwa nazo. Mwezi ukakua, ukapungua, ukakua, na sisi tumo majini tu. Nyavu hazikufuliwa tena vizuri. Wanaume hawakukaa nyumbani. Ziwa halikulala.

Dagaa walipoanza kupungua, unadhani tulirudisha siku za mwezi? Tulishona chandarua kwenye kitako cha wavu. Chandarua cha mbu, Issa, kile tulichogawiwa bure ili wewe na wenzako msife kwa malaria. Nilikaa na wanawake hapa hapa nilipokaa sasa, tukashona huku tunapiga soga, na mimi nikawa nawafundisha namna ya kukaza mshono ili hata dagaa aliyeanguliwa jana asipite. Walinisifu. Waliniita mama mwenye akili, wakaniweka mbele kwenye vikao. Nyumba ya Rusimbi unayojivunia kwa rafiki zako ilipauliwa kwa samaki ambao hawakufikia hata kuwa na umri wa kutaga. Watu wakipita wanasema, "Mama Issa amejenga." Hakuna anayeuliza nimejengea nini.

Na unaona yaliyofuata, maana haya umeyakuta. Mgebuka wa siku hizi ana kichwa kikubwa na mwili wa njaa, na wachuuzi wanalalamika kana kwamba wamepunjwa. Chakula chake tulikianika sisi mchangani. Nilipokuwa msichana nilikuwa naingia majini mpaka kiunoni nawaona samaki kuhe, mume na mke, wamekaa juu ya mchanga wanalinda watoto wao, kundi dogo kama moshi. Ukisogeza mguu, yule dume anakujia. Samaki, lakini anakujia! Tulikuwa tunakimbia tunapiga kelele. Sasa kokoro linapita pale asubuhi na jioni. Limebeba wazazi, na watoto wanamalizwa na kila chenye mdomo. Nilipokuwa nawaza habari hii nilijiuliza kama mimi nimewahi kukulinda wewe namna ile, au nilikuwa nakulisha tu.

Watu wa kwetu husema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nimelichuma, na wewe ndiye unayefungasha kwenda kuwatafuta dagaa mbali na kwenu, ulale kwenye kambi ya nyasi, kwa sababu mama yako hakuvumilia siku chache za mwezi. Naliona hilo kila nikikuangalia ukifunga kamba za begi. Linaniuma, na sitalificha ili nionekane jasiri.

Lakini sikuandiki ili unihurumie. Nimewahi kuwaona watu wanaokiri makosa yao uzeeni, wanalia, wanapewa kiti kizuri, halafu mali wanabaki nayo. Nawadharau kuliko Baba Salome, maana yeye angalau haombi kusamehewa.

Kwa hiyo nimefanya mambo mawili, na la tatu ni lako.

La kwanza, zile taa kali na jenereta haziendi Karema. Nimezifungia stoo, na ufunguo ninao kwenye kanga. Utakwenda na taa ndogo za sola, zinazotosha siku za giza na zisizofua dafu mbele ya mwezi.

La pili, asubuhi ulipokuwa sokoni nilichukua kisu nikakata kitako chote cha wavu, chandarua na mishono yangu yote. Nimeweka wavu wa matundu yanayoruhusiwa. Dagaa mchanga atapita. Utamwona anapita, na mkono utakuwasha, najua unavyowasha. Mwache apite.

Jana nilikwenda Buzebazeba kwa Mzee Rajabu. Sikuwa nimekanyaga kwake tangu siku ile. Mkewe alinisalimu, "Mwakeye, Mama Issa," kama vile nilikuja wiki iliyopita. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na matusi ningeyaweza. Mzee alikuwa amekaa na wavu mapajani. Nikamwomba aende nawe Karema awe nahodha wako.

Akashona matundu kadhaa kwanza. Akauliza, "Kijana amekubali kupumzika siku za mwezi?"

Nikasema, "Hajui. Lakini mitumbwi ni yangu, atafanya nitakalomwambia."

Akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Wewe hujabadilika, mama. Mwambie kwanza. Mimi sipandi chombo ambacho mwenye kukisimamia ameburutwa. Akikubali nitakuwepo mwaloni kesho alfajiri na mfuko wangu. Akikataa, nitabeba mfuko wangu nirudi, hatujagombana."

Nikamwambia, "Mzee, lile neno nililokuambia siku ile..."

Akanikatiza. "Lile nililisikia. Kunywa uji."

Nikanywa uji. Ulikuwa hauna sukari, na sikusema kitu, na hiyo kwangu ni toba kubwa kuliko unavyoweza kufikiri.

La tatu ndilo hilo, kukubali au kukataa. Najua Baba Salome amekuita pembeni. Hapa mwaloni hakuna siri, hata samaki wangekuwepo wangeijua. Amekuambia uachane na mitumbwi ya mama yako, ukasimamie ya kwake huko kusini, na taa zake, na nyavu zake za kukamua ziwa, na amekuahidi fungu nono. Hajakudanganya, na hapo ndipo ubaya ulipo. Utapata. Miaka miwili, mitatu, utapata kweli kweli, kama nilivyopata mimi. Atakuambia pia ile sentensi ya wezi wote duniani: tusipovua sisi watavua wengine. Niliisema mimi pia, kila siku, na kila niliposema nililala usingizi mzuri. Wengine watavua, ndiyo. Wewe si wengine. Wewe nilikuzaa mimi, na nina haki ya kukudai zaidi ya ninavyowadai wao.

Ukifuata njia yangu hii mpya, nakwambia mapema, utachekwa. Siku za mbalamwezi utakaa ufukweni na Mzee Rajabu mnafua wavu, na kambi nzima inang'ara majini kama harusi. Wavuvi wako watanung'unika, na wawili watatoroka. Utaniletea pungufu. Na sijui, mwanangu, kama itasaidia. Mitumbwi miwili kupumzika haitalijaza ziwa. Yule bwana wa soksi angesema lazima mwalo mzima, nchi zote zinazolizunguka, milima na mito, vyote vishikwe pamoja, na yuko sahihi. Mimi sina nchi, nina mitumbwi miwili. Nimechoka kuwadharau watu kwa kitu ninachokifanya mwenyewe, basi.

Shangazi yako atakuwa amekushibisha, kwa hiyo sikupikii. Nimekuwekea dagaa wakubwa waliobaki kwenye kikapu, uwale njiani, usimgawie mtu.

Kesho alfajiri sitakuja mwaloni. Nikija nitakutazama kwa namna ya kukulazimisha, na mzee alishanikataza. Ukimkuta amesimama na mfuko wake, uamue mwenyewe. Ukipanda naye, ukarudi mwakani na mitumbwi mitupu, njoo moja kwa moja nyumbani. Nitakupokea mlangoni, nitawaita majirani wakuone, na atakayecheka nitamjibu mimi. Ukipanda mitumbwi ya Baba Salome, ukarudi umejaza magunia ya dagaa wembamba kama uzi, usipite Rusimbi. Nenda kwake, atakuchinjia mbuzi na watu watakupigia makofi. Kula nao, na mimi usiniletee mnofu.

Mama yako